Mkono wa Ditram

Asubuhi ile nilikuwa na maneno yangu tayari. Kusema kweli nilikuwa nayo kwa miaka, tangu wageni wa kwanza walipovuka Ruvuma na kupanda milima hadi kwetu Luhangano, vyerehani vichwani na watoto migongoni. Kila Jumatatu nilikaa mbele ya mtambo wangu wa redio, kwenye chumba cha nyuma kinachonuka kahawa, nikawaambia wasikilizaji jambo lilelile: fungeni geti. Walionipenda walisema Mzee Kapinga anaona mbali. Wasionipenda walisema Mzee Kapinga ni gogo lililoanguka katikati ya barabara. Wote walisikiliza.

Sasa kinu cha kahawa kilikuwa kimelipuliwa. Rafiki yangu Ditram Ndunguru alikuwa amelala kwenye jeneza sebuleni kwake, na wengine wanne wamelala kwao, na aliyeingiza bomu ndani ya gunia la buni alikuwa mgeni. Nilikuwa nimepatia. Sijawahi kupatia jambo likaniuma namna ile.

Nilikuwa nanyoosha mkono kuwasha mtambo pale dada yangu Osmunda alipoingia bila hodi, akachomoa waya ukutani, akauzungusha kiganjani mwake kama mtu anayekunja kamba ya mbuzi.

"Kaka, leo hutasema," aliniambia.

Nikamwambia leo ndiyo siku yenyewe. Akaniambia nikae. Osmunda ni mdogo wangu, lakini amefundisha watoto wa darasa la kwanza maisha yake yote, na akikwambia ukae unajikuta umeshakaa. Ndipo akanieleza kwamba mwanamke aliyemfungulia mlipuaji geti, yule fundi cherehani anayeitwa Atija, ameshikwa na nyumba mbili: nyumba yake Osmunda, hilo nililijua na tulishagombana kwa ajili yake, na nyumba ya Ditram.

Nikamwambia aache uongo. Ditram tulikuwa tunaonana kila siku ya Mungu. Angeniambia.

"Alijua ukisikia utamtania mpaka siku ya kufa," Osmunda akasema, kisha akageuka dirishani, akalia kidogo, akajifuta kwa ncha ya khanga.

Wewe usiyewahi kufika Luhangano labda hujui kushikwa ni nini, kwa hiyo nikueleze haraka. Serikali ya Pwani ilipojikunja na kuturudishia shida zetu tulibaki bila polisi, bila vitambulisho, bila mtu wa kumlalamikia. Tukafunga Fundo. Kila mtu ana punje chini ya ngozi ya mkono, ndogo mithili ya mbegu ya ulezi, inayoishi kwa joto la mwili. Kila nyumba ina kibuyu, mtambo wa mviringo unaokaa pale pembeni ambapo bibi zetu waliweka kibuyu cha maji ya kunywa, na vibuyu vyote huzungumza vyenyewe kwa vyenyewe, mlima kwa mlima, bila mkubwa wao. Ukishikwa na nyumba mbili, moja ya watu wa maji na moja ya watu wa umeme, vibuyu vinakufahamu: bomba linakufungukia, zahanati inakufungukia, geti linakufungukia. Nyumba moja ikikuachia, unatoka nje ya geti na mizigo yako. Na uliyemshika akitenda uovu, uovu huo unakurudia wewe, maana ulisema unamjua.

Kwa nini maji na umeme? Kwa sababu ni watani. Makabila yalipochanganyika hadi hakuna aliyekumbuka mtani wake ni nani, utani ukahamia kwenye kazi. Ditram alikuwa mtu wa maji, mimi ni mtu wa umeme. Alikuwa na haki ya kuniita panya wa nyaya mbele ya wakwe zangu, na mimi nilikuwa na haki ya kuingia kwake, kumnyang'anya nyama sahanini na kumwambia vyura hawali nyama. Hakuna kukasirika. Na mmoja akifa, mwingine ndiye anayekwenda kuharibu kilio.

Sasa Ditram amekufa, na mkono wake bado unamshika yule mwanamke. Punje ina akiba yake. Haizimiki mtu anapokata roho. Huzimika udongo unapomfunika na vibuyu visipomsikia tena. Kuanzia hapo mjane wake, Kandida, ndiye wa kupokea alichoshika mumewe au kukiachia. Kandida alikuwa hajatamka neno tangu mlipuko. Kila mtu mjini alijua atakachosema, na hakuna aliyemlaumu.

Osmunda aliniomba nisiseme chochote redioni mpaka maziko yapite. Nikakataa kuahidi. Akaniwekea waya juu ya meza. "Basi nenda ukamwone kwanza," akasema. "Ukirudi, useme unachotaka."

*

Nilikwenda kwa hasira, na nilitaka ibaki hasira.

Atija alikuwa uani kwa Osmunda. Alikuwa ameshafunga mizigo. Cherehani kimefungwa kamba, sufuria ziko ndani ya sufuria, nguo ziko ndani ya khanga moja. Aliponiona alisimama, akapiga goti kidogo, akaniamkia shikamoo kwa sauti ya mtu aliyejifunza salamu zetu kwa bidii. Nikaitikia. Sikukaa.

Nikamuuliza kama ni kweli taa ya kibuyu cha getini ilikuwa ya njano siku ile shemeji yake Momade, ndiye mlipuaji mwenyewe, alipofika. Taa ya njano maana yake mashine haimjui mtu: imesikia sauti yake, imetazama mwendo wake, imeviuliza vibuyu vya njia nzima aliyopita, na haikupata wa kumsemea. Mtu wa njano hukaa nje mpaka ajulikane. Isipokuwa ndugu yake aliyeko ndani aje getini na kusema, "Ni wangu." Hapo geti hufunguka hata kama mashine haitaki. Tunaliita neno la ndugu, na kama unataka kujua nani alilipigania redioni mpaka likawekwa, ni mimi. Nilisema haiwezekani chuma kimkatalie mtu damu yake. Nilipigiwa makofi.

"Ilikuwa ya njano," Atija alisema.

"Na uliiona."

"Niliiona, mzee."

"Ukasema ni wako."

"Ni wangu. Ndiye aliyemwosha mume wangu." Alikuwa anatazama mizigo yake, si mimi. "Tulipokimbia, mume wangu alibaki njiani. Mimi nilikuwa na mtoto, sikuweza kurudi. Momade alirudi peke yake. Akamwosha, akamzika, akanifuata siku nyingi msituni ili aniambie amemlaza wapi, na uso wake umeelekea wapi. Mtu kama huyo akija getini, unamwambia subiri taa?"

Nikamwambia mashine ilikuwa imeona.

"Mashine haikumzika mume wangu," alijibu.

Hapo ndipo hasira yangu ilipoharibika. Nimetumia umri wangu wote kuwaambia vijana kwamba mila ni kubwa kuliko mtambo, kwamba aliyekuzikia mtu wako humdai uthibitisho. Nilikuwa nimekuja kumchukia mwanamke, naye akanijibu kwa maneno yangu. Kama angekuwa mtoto wa hapa, ningemsifu Jumatatu na kumtolea mfano.

Nilimuuliza, kwa sauti iliyokuwa imepungua, kama hakuona chochote kwa Momade siku alizokaa kwake. Akafikiri. Alisema Momade alikuwa anakula kidogo na hakucheka. Alikuwa anaamka kabla ya watu na kukaa uani akitazama mikono yake. Alidhani ni huzuni, maana wote walikuwa na huzuni. Baadaye, kinu kilipolipuka naye akafia humohumo, ndipo alipojua kwamba huko nyuma Wafyekaji walishamchukua. Wafyekaji ni wale wa ng'ambo wanaotaka kukata mafundo yote, ili watu wote washikwe na mkono mmoja, wa kwao.

"Kwetu kulikuwa na watu wa kumwambia mtu usoni kwamba umeharibika," Atija alisema. "Wanamchokoza, wanamtukana, mpaka alie au acheke au akimbie. Hapa hatuna. Hapa mnatusalimia vizuri, kisha mnapita."

Nilimwambia asifungue mizigo, nikaondoka, na njiani nikajiona mjinga kwa kumwambia hivyo.

*

Jioni nilirudisha waya ukutani.

Kulikuwa na jambo lisiloweza kungoja maziko. Pwani walikuwa wametuma ujumbe kwenye vibuyu vyote kwa mpigo: wanatupa pole, na wako tayari kutuletea askari wakae kinuni, zahanati na getini. Kwa upande wetu tuwape funguo za vibuyu, ili kila anayeshikwa ashikwe na wao. Vijana wengi walikuwa wanataka kukubali, na sikuwashangaa. Ukishaona mtu unayemfahamu ameokotwa kwa vipande, askari anapendeza.

Nikasema redioni nilichokuwa ninakiamini, na bado ninakiamini. Nilisema Wafyekaji wanataka tushikwe na mkono mmoja, na Pwani wanataka tushikwe na mkono mmoja, na tofauti yao ni sare tu. Nilisema Pwani walikuwa na askari siku zile zote, na vita vya ng'ambo vilivuka mto wakivitazama. Mtu aliye mbali hawezi kumjua mtu. Anaweza kumhesabu, basi.

Kisha nikanyamaza, na najua nyumba nyingi zilinyamaza nami, zikingoja sehemu ya pili. Fungeni geti. Watoeni. Maneno yalikuwa mdomoni. Nikamwona Atija na sufuria zake ndani ya sufuria, nikamwona Ditram na mkono wake ulioshika kitu bila kuniambia, nikazima mtambo. Nilikaa gizani nikimtukana Ditram kwa matusi yote niliyokuwa nimemwekea. Nilimwita chura msiri. Nilimlilia vibaya sana.

*

Siku ya maziko, nilipita mlangoni kwa Ditram nikachukua gambuti zake bila kuomba. Zilikuwa kubwa, kwa sababu alinunua kubwa makusudi akisema mguu unakua mpaka kaburini. Nikazivaa, nikachukua na spana yake ndefu, nikatembea mbele ya jeneza kwa mwendo wake wa kupepesuka, nikipiga kelele alizokuwa akizipiga kila asubuhi kwenye bomba kuu: "Taratibu! Maji si mke wako, usiyalazimishe!"

Watu walicheka. Walikuwa wanalia na wakacheka, na kile kicheko kilikuwa kama mtu aliyefungua kidirisha kwenye chumba chenye moshi. Hyasinti, kaka wa marehemu, alicheka mpaka akashika tumbo. Hata Kandida niliona bega lake linatikisika chini ya khanga nyeusi, ingawa sikujua ni kwa kipi.

Tulipofika kaburini nilishuka ndani, nikalala chali, nikakunja mikono kifuani.

Hilo nalo ni la kawaida. Mtani akilala kaburini hafukuzwi, wala hakuna wa kumkasirikia. Hupewa anachotaka, kwa kawaida jogoo au chupa, kisha hutoka na maziko yakaendelea. Katekista alifunga kitabu chake na kusubiri kwa uvumilivu. Hyasinti akainama ukingoni, machozi na kicheko vikiwa bado usoni, akaniuliza kama nataka jogoo mwekundu au mweupe.

"Sitaki jogoo," nikasema.

Akaniuliza nataka nini basi.

Nilikuwa natazama mbingu iliyokatwa kwa mraba, na ukungu ukipita juu yake. Nilijua ninachotaka kufanya. Utani uliwekwa kupunguza uchungu wa msiba, na mimi nilikuwa naenda kuutumia kuuongeza. Sikuwa na uhakika kwamba nina haki hiyo, na hadi leo sina.

"Huyu mwenzangu mnayetaka kumlaza hapa," nikasema kwa sauti ya redioni, ili wa nyuma wasikie, "mkono wake bado umeshika mtu. Mnajua ni nani. Mkimfunika sasa, mtu huyo anaanguka, na itasemwa Ditram alishika kitu akakiangusha. Mimi mtani wake ninakataa. Sitoki humu mpaka apatikane wa kumpokea, kutoka nyumba yake mwenyewe."

Kicheko kilikatika palepale. Nikamsikia Hyasinti akivuta pumzi. Mtu mmoja upande wa nyuma alisema huo sasa si utani, ni ukatili, na mwingine akamwambia nyamaza. Lakini hakuna aliyenivuta, kwa kuwa anayemkasirikia mtani msibani anajivua nguo mwenyewe.

Kandida akaja ukingoni. Nilimwona kutoka chini, mrefu kuliko nilivyomzoea.

"Mtani," aliniambia, "unajua unachoniomba?"

"Najua."

"Hujui. Wewe ukitoka humo utakwenda kula. Mimi nitakwenda kulala kwenye kitanda kile." Hakupaza sauti. "Aliyemfungulia aliyemuua mume wangu. Huyo ndiye unayetaka nimshike kwa mkono huu."

Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia pia kwamba mume wake alimshika, na kwamba tangu nimfahamu Ditram hakuwahi kushika kitu kibovu, isipokuwa mimi.

Kandida aligeuka akaondoka, na mimi nikabaki na mbingu yangu ya mraba, nikisikia watu wakimpisha njia. Atija hakuwa ameingia makaburini. Alikuwa amesimama nje ya uzio pamoja na Osmunda, mizigo iko chini. Kilichofuata nilisimuliwa na Osmunda, kwa sababu mtu aliyelala kaburini haoni mambo mengi.

Kandida alisimama mbele ya Atija, akamuuliza, "Alipofika kwako yule, ulimpikia nini?"

"Ugali na maharage."

"Maharage yapi?"

"Yako, mama," Atija akasema. "Yale uliyonipa."

Kandida akafumba macho. "Kwa hiyo na mimi nimemlisha," akasema. Osmunda aliniambia kwamba pale aliogopa, alidhani mambo yameisha. Lakini Kandida alinyoosha mkono, akamshika Atija juu ya punje, akambana kwa nguvu kama mtu anayezuia damu isitoke.

"Namshika huyu," akasema kwa sauti ambayo vibuyu vinaihitaji. Kisha, kwa sauti ya chini: "Usinishukuru. Leo sitaki kusikia sauti yako."

Punje ikipokea mshiko mpya hupata joto kidogo. Atija aliweka kiganja chake kingine juu ya mkono wake, akakiacha hapo, na hakusema kitu, kama alivyoambiwa.

Nilidhani sasa ninaweza kuinuka. Kumbe Kandida alikuwa anarudi ukingoni, Atija na Osmunda nyuma yake, na safari hii alikuwa na uso ninaoufahamu, uso wa mtu wa maji anayetaka kulipiza.

"Mtani ameomba, amepewa," aliwaambia watu. "Na mimi pia ni mtani wa huyu, kwa hiyo na mimi naomba, na asithubutu kukataa akiwa ndani ya kaburi la mume wangu. Neno la ndugu peke yake ndilo lililotufikisha hapa. Ndugu anaficha. Hata kama hataki, anaficha, kwa sababu anapenda. Kuanzia leo, ndugu akisema 'ni wangu', awepo na mtani getini wa kumchokoza huyo mgeni, kumtukana, kumtazama anavyocheka na anavyonuna, mpaka tumjue. Wageni wote wawe na watani, kama sisi. Na mtani wa kwanza wa kukaa getini," akaninyooshea kidole, "ni huyu mwenye mdomo, aliyetuambia miaka yote tulifunge."

Nadhani kicheko kile kilisikika hadi mtoni. Nikajaribu kuinuka kwa heshima na kukubali nikiwa wima. Magoti yakakataa. Gambuti za Ditram zilikuwa zimejaa udongo, na mgongo ulikuwa umeshika baridi ya chini. Walinivuta watu wanne, wakiwemo wawili waliokuwa wakinililia geti lifungwe kila Jumatatu, na nilipofika juu nilikuwa na tope mpaka masikioni.

Ndipo tukamzika Ditram. Mikono yake ilikuwa mitupu.

*

Nyumba nyingi zilipeleka neno la Kandida kwenye vibuyu vyao siku ileile, na vibuyu vikalikubali bila kumuuliza mkubwa yeyote, kwa sababu havina. Pwani tuliwajibu tunashukuru kwa pole. Barua ile niliiandika mimi, na ilikuwa na adabu kuliko nilivyotaka.

Sasa nakaa getini. Nimeletewa kiti chenye mgongo. Mtu akija na taa ikawa ya njano, ndugu yake huitwa, naye husema anachosema, kisha zamu yangu inaanza. Namuuliza mgeni shati lile alimvua sanamu gani ya kufukuzia ndege. Namwambia miguu yake imechoka kuliko uso, kwa hiyo uso unasema uongo. Namlisha, namchokoza, namwacha, narudi tena kesho. Wengi hucheka siku ya pili. Wengine hunitukana, na hao ndio ninaowapenda. Alikuja mmoja hakucheka wala kununa, na mimi nikawa nimeshaamua, mpaka mke wake akaniambia wamemzika mtoto njiani. Siku ile niliacha kazi ya mdomo nikakaa naye tu. Alikuja mwingine aliyecheka haraka mno, kila mara mahali palepale, hata nilipomtajia mama yake. Huyo bado yuko nje, anakula chakula chetu, na vibuyu vya bondeni vimeanza kutuletea habari zake. Si mtego usiokosea. Hakuna geti lisilokosea. Ila sasa makosa yetu tunayafanya tukimtazama mtu usoni.

Jumatatu bado nasema redioni kwamba tunapokea watu wengi kuliko mabomba yetu. Ni kweli, na nitaendelea kusema.

Chakula changu cha mchana huletwa na Atija. Kandida ndiye anayemtuma. Hawajawa marafiki, lakini juzi niliona wamekaa kizingiti kimoja wakichambua maharage, kila mmoja akitazama upande wake. Wageni nao walipopewa watani, Kandida alimhesabu Atija upande wake, kwa hiyo sasa ni mtu wa maji, yaani ni mtani wangu. Nilimweleza hilo. Nikaanza mimi, ili aone njia. Nilimwambia ugali wake una mabonge makubwa, mtu anaweza kujengea nyumba. Akasema, "Samahani, mzee." Siku nyingine nikamwambia cherehani chake kinapiga kelele kuzidi fisi. Akasema atakitia mafuta. Kila siku alipiga goti, akaniamkia shikamoo, akaweka sahani, akaondoka. Sikuwahi kufikiri kwamba heshima inaweza kumchosha mtu kiasi kile.

Jana kulikuwa na watu wengi getini, familia nzima ya njano, babu na wajukuu, na nilikuwa nimewapandishia sauti mpaka wadogo wakajificha nyuma ya sketi za mama yao. Atija alifika na sahani. Akasimama, akawatazama wale watoto, akanitazama mimi.

"Msimwogope huyu," akawaambia kwa lugha yao, kisha akarudia kwa Kiswahili ili nami nisikose. "Anatisha redioni tu. Mimi nilimwona amelala kaburini ameshindwa kuinuka, wakamvuta watu wanne kama ng'ombe aliyenasa kwenye matope."

Babu wa familia ile aliangua kicheko kwanza, kisha watoto, kisha mlinzi wa kibuyu ambaye ni mtu wangu wa umeme na alipaswa kunitetea. Atija aliweka sahani magotini mwangu, akageuka na kwenda zake bila kuniamkia.

Ugali ulikuwa na mabonge. Niliula wote.